Sensa Haijafa

Mimi sipendi kuulizwa maswali nikiwa na haraka. Nilifika gereji na sensa mpya ya oksijeni mkononi, kile kifaa kinachopima moshi wa injini, nikamwambia shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu ambaye ndiye fundi wa pale: "Toa ya zamani, funga hii. Taa ya injini inawaka na gari linabugia mafuta. Kesho nampeleka mdogo wako akajifungulie kwa mama, safari ya kutwa nzima."

"Nani kakwambia sensa imekufa?"

"Taa!"

"Taa imekwambia kuna tatizo. Mengine umejiambia mwenyewe."

Jamani! Wenzangu wanafungiwa wanachotaka bila maneno, mimi nimejaliwa shemeji ambaye mdomo wake hauna breki. Akachomeka mashine ya kupimia, akaniamuru nikanyage mafuta, niachie, nikanyage tena.

"Sensa hubadilishwa ikichoka, ikaanza kujibu kwa kuchelewa au ikanyamaza kabisa. Hii inajibu upesi kukushinda wewe. Inasema kuna hewa inaingia kwenye bomba la moshi pasipotakiwa."

Akalipandisha gari, akaingia chini na tochi. Alipotoka, utani ulikuwa umemwisha. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka karibu na injini, na juu yake kutu imetoboa sakafu ya gari, chini ya zulia, moshi ukapata njia ya kuingia ndani.

"Mdogo wangu anaumwa kichwa?"

"Kila nikimpakia. Anatapika pia. Si mimba hiyo?"

"Na akishinda nyumbani?"

Nikafikiri. Akishinda nyumbani hana neno. Nikakaa juu ya tairi. Kesho angelala kiti cha nyuma, vioo juu kwa sababu ya vumbi, akivuta moshi ule wenye sumu kutwa, na mimi ningesema mwacheni apumzike.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," akasema, akanirushia funguo za gari lake.

Daktari alimpima mke wangu damu kuangalia sumu ya moshi, akasema haijamdhuru, kisha akamwekea kipimo tumboni. Tukausikia moyo wa mtoto ukienda mbio. Mke wangu akacheka, mimi nikalia bila haya. Nikampigia shemeji, nikaanza kwa kumshukuru.

"Wewe! Sema basi!" alifoka kabla sijamaliza.

"Wazima," nikasema. "Wote wawili wazima, dada yangu."