Ving'ora vya Goodness

Goodness alikuwa ametengeneza ving'ora thelathini na viwili vya kumwonya rubani hatari ikitokea, na Kapteni Method, rubani wa majaribio, akavizima vyote kwa kidole kimoja. Mara mbili. Jaribio la tatu lilikuwa leo jioni, kule Dar, ndani ya chumba cha kujifunzia urubani. Akizima tena, kazi ya Goodness anapewa mwingine.

Goodness, aliyekuwa likizo kijijini Migato, akamketisha bibi yake, Milembe, mbele ya kompyuta. "Bibi, wewe ndiye rubani. Injini moja inawaka moto. Fanya kitu."

Kompyuta ikalia, ikapiga filimbi, ikawaka taa nyekundu kila pembe. Bibi akaifunga, pa!

"Bibi! Umeua abiria tisini!"

"Wamekufa kwa utulivu. Hiyo takataka yako ingeniua mimi kwa presha."

Akachukua fimbo kwenda shambani, Goodness nyuma yake amenuna. Jirani yao Bujiku alikuwa ameshika plau nyuma ya maksai wanne wa Bibi, anabweka: "Haya! Nyie! Twende! Geuka! Washenzi!" Maksai wamesimama. Mmoja anakojoa.

"Unamtukana yupi, Bujiku?" Bibi akauliza. "Ita jina, halafu sema la kufanya. Mwenyekiti! Kushoto!"

Mwenyekiti, maksai wa mbele, akaenda kushoto, jambo ambalo mwenyekiti wa kijiji hajawahi kulifanya kwa kuambiwa mara moja. Wenzake wakamfuata.

Pale kwenye tuta Goodness akaelewa. Ving'ora vyake vilibweka vyote kwa pamoja, havisemi kilichoharibika wala cha kufanya. Akakimbia nyumbani, akavifuta. Matatizo madogo aliyaacha yaandikwe kimya kwenye kioo cha rubani. Moto akaupa sauti ya mtu, moja tu. Wa kumrekodi hakuwepo ila Bibi, aliyerudi na tope magotini: "Injini ya kushoto! Zima!" Goodness akaituma Dar hivyo hivyo.

Saa kumi na mbili simu ikaita.

"Sikukizima king'ora," alisema Kapteni Method. "Nimezima injini ya kushoto, moto umekwisha. Kazi ni yako. Ila huyo mama ananisemesha kama ng'ombe!"

Goodness akaona aibu. "Samahani, Kapteni. Nitafute sauti ya upole?"

"Usithubutu. Ikinibembeleza nitaanza kubishana nayo."