Msikilizaji wa Siku Kumi na Moja

Seva ilikuwa imevalishwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Fundi Mlingoti aliloliona alipoingia katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu: kompyuta kuukuu ya rangi ya majivu, imekaa juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha maua chenye pindo la lesi. Mahali pa kupitishia hewa palikatwa kwa ustadi na kuzungushiwa uzi, kama tundu la kifungo. Fundi alikishika kitambaa hicho kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua mkia wa panya, akakiweka kando.

"Inaona baridi?" aliuliza.

"Vumbi, Fundi," alijibu Mshonaji. "Ile feni inavuta vumbi. Mwalimu wetu wa jioni alisema vumbi ndilo linaloziua nyingi."

"Mwalimu wa jioni," alirudia Fundi, akalitafuna neno hilo kama aliyekutana na kokoto katika wali.

Yeye hakufundishwa jioni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kwenye kituo cha redio, chini ya mlingoti wa mita mia moja na arobaini, na alipostaafu hakuondoka na kitu ila jina. Sasa mwenyekiti wa kanisa alikuwa amemwita aje Jumapili hii atoe neno moja tu: chombo hiki cha kurusha ibada kwenye mtandao kina maana, au chumba kirudishwe kwa kwaya waweke vyombo vyao? Fundi alikubali kwa furaha. Neno lenyewe lilikuwa tayari kinywani kabla hajavaa viatu.

Mshonaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mchana akishona sare za kwaya, jioni akikaa dawati moja na watu wa rika la wanawe. Alikuwa na daftari lililoshonewa jalada la kitambaa kile kile cha maua. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, akabonyeza hapa na pale. Kisha akaweka kiganja juu ya kompyuta, akafumba macho.

"Bwana, hatua saba nimezifuata zote. Ya nane ni yako."

Akabonyeza kuunganisha maikrofoni ya mimbari na mtambo, ambao wenyewe hauzimwi. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Sisi ya nane ilikuwa fyuzi," alisema Fundi.

Mshonaji alicheka, wala hakuonekana kuumia, na jambo hilo lilimuudhi Fundi zaidi. Dharau ni kama shilingi. Mtu akikataa kuipokea, unabaki nayo mkononi hujui uipeleke wapi.

Kwenye skrini kulikuwa na orodha. Mistari myembamba, mmoja chini ya mwingine, na mbele ya kila mstari muda ambao msikilizaji amekaa akisikiliza.

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu."

Fundi alicheka kwa pua. "Dada, mimi nikipiga chafya kituoni, walisikia watu milioni mbili."

"Uliwajua?"

"Akina nani?"

"Hao milioni mbili."

Lilikuwa swali la kitoto, kama kuliuliza wingu linaujua unyasi upi. Mlingoti unarusha, anayetaka adake. Akidaka mmoja au wakidaka milioni, umeme unaotumika ni ule ule. Msikilizaji, kwa Fundi, alikuwa ni mtu asiye na kazi anayeandika barua za salamu, na barua hizo aliwahi kuzikunja akazitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ilitulia. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona ya wasikilizaji.

Lakini Mshonaji alikuwa tayari ameanza kuwatambulisha, kidole juu ya kioo. "Huyu ni mwalimu mstaafu, mgongo haumruhusu kukaa. Huyu anaingia na kutoka, mtandao wa kwao unakatika. Hawa wawili ni mtu na mkewe, kila mmoja na simu yake, chumba kimoja. Hawasemezani."

"Na huyu wa juu? Siku kumi na moja, saa nne. Mtambo wako umemsahau."

"Huyo hafungi. Anaogopa akifunga hatajua kufungua tena. Simu iko kwenye chaja mchana na usiku. Ibada ikiisha anasikiliza watu wakipanga viti. Viti vikiisha anasikiliza ukumbi mtupu." Mshonaji alimgeukia. "Ni mkweo, Fundi."

Fundi aliinama kuutazama mstari ule kana kwamba ulikuwa na uso.

Mama mkwe wake alikaa katika uwanja huo huo wa kanisa, mlango wa tatu ukivuka kichochoro. Miguu ilikuwa imemwacha, na masikio yakafuata njia ya miguu. Siku ya arusi, mbele ya ukoo mzima, alikuwa amesema: "Binti yangu ameolewa na mlingoti. Mrefu, unanguruma kutwa, na hausikii kitu." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na jina likamganda hadi kazini. Tangu walipomzika mke wake, miaka mitatu iliyopita, Fundi hakuwa ameukanyaga ule mlango wa tatu. Kikongwe mwenye ulimi kama wembe, alijiambia, hahitaji mgeni, anahitaji kinoo.

"Leo ni kumbukumbu ya marehemu," alisema Mshonaji polepole. "Majina yatasomwa, na la mkeo ni la kumi na mbili. Ameniuliza mara tatu tangu Ijumaa kama kweli limo. Hilo ndilo analosubiri."

Fundi alivaa vipokea sauti vya masikioni ili abadilishe mazungumzo. Akavivua mara moja.

"Hii sauti inatoka ndani ya kopo la maziwa."

"Nimeibana hadi kilobiti kumi na sita kwa sekunde," alisema Mshonaji bila haya. "Watu wetu vifurushi vyao ni vya kupimia kijiko. Na laini yetu yenyewe nyembamba. Huku kila msikilizaji anapakuliwa sahani yake, Fundi, na sufuria ni moja. Halafu ikiwa ndogo hivi, kuna neema nyingine: anayeingia amechelewa hupewa kwanza ile nusu dakika iliyopita, asijikute katikati ya neno. Kama mgeni aliyewekewa chakula."

"Kiporo," alisema Fundi.

Mshonaji akacheka tena, akatoka kwenda kuweka sawa maikrofoni, maana kwaya ilikuwa inamaliza wimbo wake wa mwisho.

Fundi akabaki peke yake na feni. Akavivaa tena vile vipokea sauti. Kwaya ilisikika kama nyuki waliofungiwa chupani. Alifikiri juu ya jina la mke wake likipita katika tundu hilo, likitoka upande wa pili limesagika, na kifua chake kikajaa kitu ambacho, kwa mazoea, alikiita dharau. Jina hilo alikuwa amelitamka kwa miaka ishirini na sita. Lilikuwa na ukubwa wake. Kama ni lazima lirushwe kwa vipofu wa teknolojia ishirini na watatu, basi lirushwe kwa sauti ya kibinadamu.

Mahali pa kubadilisha palikuwa wazi. Mafunzo ya jioni hayafundishi kuficha. Alifuta kumi na sita akaandika mia mbili hamsini na sita. Akausimamisha mtambo. Akauwasha.

Sauti iliyokuja ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Alisikia pumzi ya waimbaji. Alisikia kiatu cha mtu kikisugua sakafu. "Hivyo," alisema, kwa chumba. "Hivyo ndivyo."

Kisha akaitazama orodha, nayo ilikuwa tupu. Mistari ikaanza kurudi, mitano, tisa, halafu sita, halafu minne. Ikatokea na kuzimika. Hata hawa, aliwaza, hata ishirini na watatu hawana subira ya kusikia kitu kizuri. Bado alikuwa anawadharau pale sauti ilipokatika masikioni mwake mwenyewe. Ikarudi na nusu ya neno, ikakatika tena.

Ndipo akaelewa. Hapa hapakuwa na mlingoti. Kila mmoja alikuwa anangoja kwa foleni na sahani yake, naye alikuwa ameamuru kila sahani ijazwe mara kumi na sita, kutoka katika sufuria ile ile.

Alirudisha kumi na sita. Vidole vilikosea mara mbili. Mtambo ulipowaka tena, Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, pumzi juu. Hakumtazama Fundi. Aliitazama orodha.

Ikaanza kujaa. Wanane. Kumi na watano. Mtu na mkewe waliingia kwa pamoja, kana kwamba hatimaye wamesemezana. Ishirini. Ishirini na mmoja. Ishirini na wawili, wote wameandikiwa dakika moja. Fundi, ambaye hakuwahi kuhesabu msikilizaji maishani mwake, aligundua kwamba anahesabu kwa sauti. Akangoja.

Mstari wa juu haukurudi.

"Hajui kufungua," alisema Mshonaji.

"Basi nenda kamfungulie."

"Nikiondoka, laini ikayumba tena, nani atashika? Wewe?" Aliuliza swali hilo bila ukali, na pengine ndiyo sababu lilichoma. "Wameshaanza kusoma. Hilo lilikuwa la saba. Mlango wa tatu, Fundi. Bonyeza pembetatu ya kijani."

Fundi alitafuta neno la kumkatia. Kwa kawaida yalikuwa yamejipanga tayari kama vifungo vya koti. Safari hii alivua vipokea sauti, akaviweka juu ya kitambaa cha maua.

Akatoka. Nje ya dirisha la ukumbi alimsikia mwenyekiti akisoma majina kama mtu anayehesabu magunia, na baada ya kila jina, kimya. Kituoni kwao, kimya cha sekunde tatu hewani kiliandikiwa barua ya kujieleza. Hapa waliacha sekunde kumi, kumi na tano, bila mtu kuona aibu. Alivuka kichochoro. Mkono ulikuwa umeshainuka kubisha hodi kwenye mlango wa tatu pale mwenyekiti, upande wa pili wa ukuta, alipokohoa, kikohozi kirefu chenye maji, kisha akalisoma jina la mke wake. Alilisoma upesi, kama jina lililokuwa linamchelewesha kula.

Halafu kimya.

Fundi aliingia bila hodi katika chumba cha mama mkwe wake.

Bibi alikuwa ameketishwa kwa mito. Vipokea sauti viwili vilikuwa masikioni, waya mfupi ukishuka hadi kwenye simu aliyoishika kwa mikono yote miwili, akiitazama kama mtu anavyoutazama mlango uliofungwa.

"Wameacha," alisema kwa sauti kubwa ya wasiosikia. "Wamesali wakaenda zao bila kusema." Ndipo akainua macho. "Mlingoti. Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Shikamoo, mama."

Hakuisikia. Fundi aliinyoosha mikono yote miwili, na baada ya kumtazama kitambo, bibi akampa simu. Pembetatu ya kijani ilikuwa pale pale, kubwa kama jani. Mtu angewezaje kutoiona, aliwaza. Kisha akaona vidole vya bibi juu ya shuka, vikitetemeka peke yao bila kuagizwa.

Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Alikuwa akihesabu toka kile kikohozi, kama walivyohesabu zamani kuelekea taarifa ya habari: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Kiduara kikatoweka. Nusu dakika ya kiporo ilikuwa bado haijapita.

Yeye hakusikia kitu. Chumba kilikuwa kimya, na simu ilikuwa kimya, na kila kilichokuwa kinarushwa kilikuwa kinaingia katika kichwa kile kidogo chenye kilemba cheupe. Aliutazama uso. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwona msikilizaji akisikiliza. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo. Macho hayakuwa yanatazama chochote chumbani.

"Nyamaza," bibi alimwambia, ingawa hakuwa amesema neno.

Kisha, bila kugeuza kichwa, alichomoa kipokea sauti kimoja, akamnyooshea. Waya ulikuwa mfupi. Mkwe hamsogelei mkwe namna ile, na Fundi alisimama kwanza, akiangalia huku na huku kama anayetafuta kiti ambacho hakikuwepo. Ndipo akaketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa mpaka kikakaribia kilemba, akakitia sikioni.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kopo. Karatasi ikageuzwa. Kimya kilichofuata jina la kumi na moja kilikuwa bado kinaendelea.

Mwenyekiti akakohoa.