Bahasha ya Jino

Jumanne asubuhi Salme alifungua kopo lake la biskuti akakuta bahasha tatu zimejaa kama alivyoziacha. Ya nne, iliyokuwa nene kuliko zote, ilikuwa tupu. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, JINO, na ndani haikubaki hata senti.

Alimaliza chuo mwezi wa Mei, mwaka themanini na saba, na siku aliyovua joho ndiyo siku bima ya wanafunzi ilipomtupa mkono. Kazi aliipata haraka, ukarani katika bohari moja kule Lanham, huko huko ughaibuni alikosomea, lakini bima ya kazini ilikuwa haianzi mpaka atimize siku tisini. Jino la juu, la upande wa kulia karibu na mbele, halikutaka kusikia habari za siku tisini. Daktari wa meno wa mji wa Laurel alimpa bei mbili: kusafisha mzizi na kuziba, dola mia na tisini, kung'oa, arobaini.

Salme akakaa na kalamu. Sabuni na pedi, bahasha moja. Miwani, moja. Daktari wa wanawake, moja. Saluni akaifuta kabisa, akawa anajisuka mwenyewe mbele ya kioo mpaka mikono inakufa ganzi. Wiki saba alikula wali na maharage mchana, akimeza vidonge vya maumivu, mpaka mia na tisini zikatimia. Miadi ilikuwa leo, saa nne.

Alimkuta shangazi yake, Bi Mwatime, jikoni anamenya vitunguu.

"Shangazi, pesa zangu ziko wapi?"

"Zile? Nimempa Nunu juzi, yule anayetuletea vitambaa. Sare yako ya harusi ya binti Ghalib, na zilizobaki nimekulipia saluni. Nunu keshaondoka, kitambaa anakichukua Dubai."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Na kweli, nyumbani mwake ndivyo mambo yalivyokuwa: pesa isiyofungiwa ni ya nyumba, na harusi ikiwapo, sare kwanza. Wanawake wote wa ukoo kitambaa kimoja, na asiyekuwa nacho atasemwa mpaka mtoto wa bwana harusi aote meno.

"Lakini hukuniuliza! Nime-book appointment, Shangazi! Wiki saba nime-save!"

"Nikuulize nini, mwanangu? Mama yake Nassor anatoka Woodbridge kuja harusini kukutazama kama utamfaa mwanawe. Akukute na vimikia vya panya hivyo kichwani, na digrii yako? Jino liko mdomoni, nani analiona? Nywele ndizo zinazoingia mlangoni mwanzo."

Hasira ilimpanda Salme mpaka macho yakaona kiza. Miaka minne amelala chini ya paa la mwanamke huyu, amemwamkia kila asubuhi, amemfulia, na bado maumivu yake hayakufikia thamani ya kitambaa. Alitaka kupasua sahani. Hakupasua, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Alipiga simu kwa daktari kuomba alipe kidogo kidogo. Karani akamjibu kwa sauti tamu kwamba asiye na bima hulipa zote kwanza, na nafasi nyingine ni baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Usiku uliopita tu alikuwa ameuma mto. Bahasha tatu zilizobaki, hata zikijumlishwa, hazikufika mia na tisini. Basi akachukua ya miwani, akahesabu dola arobaini za kung'oa na mbili za nauli, akatoka bila kuaga.

Daktari aliinua picha ya jino kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Mzizi bado ulikuwa unatibika, alisema. Lilikuwa jino zuri, hasara kulitoa. Salme aliyaelewa maneno yote. Alitia saini, akafumbua kinywa.

Aliporudi adhuhuri, shavu limevimba na pamba imejaa damu, Bi Mwatime aliacha sufuria mekoni.

"Yarabi! Umeling'oa?"

Salme aliitikia kwa kichwa.

"Lipi? Lile la mbele?" Bi Mwatime alifuta mikono kwenye kanga, akamsogelea, akamshika kidevu. Sauti yake ilishuka, ikawa ya hofu kweli. "Hebu cheka kidogo, mwanangu, nione kama pengo litaonekana."

Hakuuliza kama linauma. Salme alisubiri aulize, akasubiri tena, huku vidole vyenye harufu ya kitunguu vikimgeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akauondoa mkono ule kidevuni mwake, akatema pamba kwenye sinki. Ulimi ulikuwa mzito kwa sindano, lakini kila neno lilitoka.

"Kitambaa kikifika, Shangazi, tafuteni wa kumvisha."