Mkono wa Wiki ya Tatu

Mwalimu wa kozi ya kuhariri picha alisoma kanuni zote kumi na moja akiwa amesimama mlangoni, asije mtu akasema hakuzisikia. Atakayekosa vipindi vitatu asijisumbue kurudi. Kazi ya kuchelewa haipokelewi, hata umeme ukikatika. Kanuni ya nne aliisoma mara mbili: usiguse picha ya asili, fanya kazi juu ya nakala. Wanafunzi tisa walitia saini. Wa mwisho alikuwa mshona nguo mmoja ambaye tangu aketi alikuwa akichezesha mguu chini ya meza, kama anakanyaga cherehani.

Roho yake ilikuwa juu juu tangu mashine ya kukata maboksi ilipomkata mdogo wake kiganja cha kushoto. Mashine haikuwa na kinga, na wenzake sita kiwandani walikuwa bado wanaitumia vivyo hivyo. Kiwanda kilidai kijana aliumia kwingine. Alhamisi ya wiki ya tatu baraza la kazi lingesikiliza shauri, na kijana hakutaka kingine ila mashine ifungwe kinga. Ushahidi wake ulikuwa picha moja tu, aliyopigwa pale pale kando ya mashine, mkono wa kushoto ukiishia kwenye kifundo. Dada mtu ndiye aliyekuwa nayo, kwenye flashi, akisubiri kwenda kuichapisha.

Jumanne ya wiki hiyo zoezi lilikuwa kurudisha kilichopotea katika picha, na mwisho wa kukabidhi ni saa nne kamili. Mshona nguo alifika saa tatu na nusu, jasho likimtoka, na kwenye flashi hakuwa na picha nyingine. Akanakili kiganja cha kulia, akakigeuza, akakibandika kushoto, akahifadhi mbio mbio juu ya ile ile ya asili. Alipata kumi na saba kwa ishirini. Alama tatu zilikatwa kwa kuvunja kanuni ya nne.

Aliporudi nyumbani alimkuta mdogo wake anamenya viazi kwa mikono miwili. Kiganja kipya kilikuja na saa, kwa kuwa cha kulia pichani kilikuwa nayo, ila tarakimu zake zilikuwa zimegeuka na mishale ilikwenda kinyumenyume.

"Ni wewe?" kijana akauliza.

"Ni zoezi."

Kijana alikunja na kukunjua vidole, akamenya viazi viwili zaidi, kisha akaweka kisu chini.

"Dada, huwezi kuuondoa mkono huu hadi Alhamisi ipite? Halafu uurudishe."

Usingizi ulimpaa dada mtu. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla ya ufunguo. Mwalimu alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Ungekuwa na ya asili, tungerudi nyuma. Ukiufuta sasa hiyo ni picha ya kuchezewa, baraza halipokei. Tena kufuta tunafundisha wiki ya tano."

Baraza lilikaa dakika kumi na mbili. Mwenyekiti alimwomba mlalamikaji ainue mikono, akahesabu viganja viwili.

"Huu wa kushoto ni wa dada yangu," kijana akasema. "Wa zoezi."

Katibu aliandika hivyo hivyo: mkono wa kushoto, wa zoezi. Uamuzi ulisema kwamba pasipo jeraha hakuna mashine ya hatari, na mlalamikaji arudi kazini Jumatatu. Mshona nguo alitoka nje akiwa na hasira na aibu, hajui ipi imezidi, akazunguka jengo mara tatu kabla ya kukumbuka njia ya nyumbani.

Jumatatu kijana alirudi kwenye mashine ile ile. Siku hiyo hiyo meneja wa kiwanda alifika darasani, mtu mpole, amevua kofia. Alileta bahasha yenye picha saba za wafanyakazi wake, kila mmoja ameonyesha viganja vyote viwili. Aliomba zitunzwe, na kukitokea lolote wanafunzi wapate za kufanyia mazoezi. Mwalimu alishukuru, kwani mazoezi mazuri hayapatikani kirahisi.

"Na kinga?" mshona nguo akauliza kutoka mezani kwake. "Mtaifunga lini?"

Meneja alimtazama kwa upole kabisa.

"Ya nini tena, dada?" akasema, akauliza asaini wapi kwamba amekabidhi picha.