Kona ya Mzee Timazi

Mlango wa chumba cha mtoto ulikataa tena kufunguka asubuhi hiyo. Muuguzi aliupiga bega mpaka ukaachia. Ndani, bintiye alikuwa ameketi kitandani na sare zake za shule, amechoka kusubiri.

"Mama, nimeita sana."

"Nimekusikia. Nilikuwa nasukuma."

Juu ya fremu, ufa ulikuwa umepanda ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali hadi karibu na dari. Zamani hata ncha ya kisu haikupita. Sasa kidole kilizama. Mvua zilikuwa njiani na kona ile ya nyumba ilikuwa inadidimia. Hilo aliliona hata yeye, ambaye kazi yake ni kuchoma watu sindano.

Nyumba ilijengwa na baba yake mzazi, ikawa zawadi ya harusi. Mtaani walimwita Mzee Timazi, kwa jina la uzi wa kupimia wima, kwa kuwa ukuta wake haukuwahi kwenda upande hata unene wa ukucha. Karibu kila fundi wa mji ule alijifunza kushika mwiko kwake, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Fundi wa kwanza kuitwa alitua mfuko wake wa vifaa, akaupapasa ukuta kwa nje, kisha akauokota tena mfuko.

"Dada, mkono huu naujua."

"Ni wa baba yangu."

"Basi mimi siugusi. Mwenyewe yu hai, hajaniita, nami nifukue msingi wake? Nitamtazama kwa macho gani?"

"Mwanangu analala humo."

"Mwambie mzee aniite. Akitamka neno moja tu, nakuja mbio."

Fundi mwingine alisema hayohayo kwa maneno mengi zaidi. Wa tatu hakufika kabisa. Alituma salamu kwa mzee.

Mumewe naye alijiweka kando mapema. "Mimi ni mkwe," alisema. "Nikamwambie baba mkwe msingi wake una kasoro? Heri unitume nikamwambie simba ananuka mdomo."

Jumamosi baba alikuja na ndoo yake na mwiko, kama alivyozoea. Alikoroga saruji kidogo, akauziba ufa, akausawazisha. Aliusawazisha vizuri mno, kiasi cha kumtia mtu hasira.

"Tatizo ni mlango," alisema. "Mnaubamiza."

"Mara iliyopita lilikuwa kabati la vitabu, Baba."

"Nalo ni zito. Mumeo anasoma nini chote hicho?"

"Na kabla ya hapo ilikuwa mtoto kuruka kitandani."

"Anaruka, haruki?"

"Baba, kona inadidimia. Mfereji wa paa umekatika, maji yote yanaangukia pale. Udongo umeliwa chini. Mwite mmoja wa wanafunzi wako achimbe atazame."

"Msingi ule niliupanga mwenyewe, mama, jiwe kwa jiwe. Hauna neno."

Wodini muuguzi aliwajua wagonjwa wa namna hii, wanaoapa kuwa jipu ni chunusi. Hawabishiwi, huletewa beseni. Alikwenda stoo, akatoka na sururu, akasimama penye kona akiwa na kandambili miguuni.

Baba alimfuata na kigoda. "Unafanya nini?"

"Nachimba."

"Hujui kuchimba."

"Sijui."

Mzee aliketi kutazama. Hakumsaidia wala hakumwacha. "Hiyo si fagio, ishike chini kidogo. Sasa hilo shimo gani, unazika kuku?" Muuguzi alichimba. Viganja vilimtoka malengelenge, jasho likamwingia machoni, na kila alipopumzika alisikia kicheko kidogo cha puani nyuma yake. Udongo ulikuwa laini kama sabuni iliyolowa. Hatimaye sururu ilipita bila kugonga kitu. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya jiwe la mwisho la msingi. Uliingia mpaka kwenye kiwiko. Jiwe lilikuwa linaning'inia hewani.

Alisogea pembeni, akampisha.

Baba alishuka shimoni polepole, akauingiza mkono wake mwenyewe. Alipoutoa umejaa tope, aliinua macho akautazama mfereji uliokatika. Muuguzi alingoja. Alitaka kusikia neno moja tu.

Mzee alipangusa mkono kwenye suruali, akatoa simu.

"Wewe, uko wapi? Njoo hapa kwa binti yangu. Lete mbao za kuegemeza ukuta, na vifaa vya zege. Ndiyo, uguse. Utachimba kipande kwa kipande na kujaza, usifungue upande wote kwa mpigo." Alisikiliza kidogo. "Nani kakwambia msingi? Msingi ulikuwa mzima. Huyu dada yako kaamka na sururu, kauchokonoa mpaka kaufukua. Hasikii."

Muuguzi alifungua kinywa. Dirishani, bintiye alikuwa amebana pua kwenye wavu, akiwatazama. Akakifunga kinywa.

Fundi yule wa kwanza alifika kabla ya adhuhuri na mbao zake begani. Aliinama, akachungulia pango lililochimbwa na maji chini ya mawe, akamtazama mzee aliyekuwa ameketi wima kwenye kigoda, kisha akamtazama muuguzi na viganja vyake.

"Dada, haya yote umeyafanya wewe?"

"Ni mimi," alisema. "Anza kazi."