Kituo cha Mwisho ni Nyumbani Kwetu

Wenzangu wa kazini wananiita Kasuku, na sijawahi kulikataa jina hilo. Nikifungua mdomo pale bandari ya zamani, siufungi mpaka wageni miguu imewavimba. Mji wetu uko kwenye kisiwa kidogo, ukiamua kukaza mwendo unaumaliza kabla jasho halijakutoka. Ngome tunayoisifia ni kuta tatu na choo cha kulipia. Kinachobaki chote ni maneno, na maneno ndiyo kazi yangu.

Ziara yangu ina vituo sita: bandari ya zamani, ngome, soko, mnara wa saa ambayo haijapata kusema ukweli tangu nizaliwe, mtaa wa masonara, na cha mwisho ni nyumbani kwetu. Sitanii. Kila siku ya kazi, asubuhi na alasiri, nimekuwa nikiwapandisha watu wasionijua ngazi za nyumba niliyozaliwa, nikiwaomba wainamishe vichwa pale dari inaposhuka, na kuwaonyesha mama yangu mzazi.

Ilianza miaka kumi na moja iliyopita. Bosi alituita ofisini akasema wageni wamechoka na kuta, wanataka kuingia ndani ya nyumba ya watu, wamwone mtu anayeishi humo. Nikamwambia nyumba ninayo. Ipo kwenye kona, ina ghorofa moja, rangi imebanduka vile wageni wanavyopenda, na dirisha la juu linatazama maji.

"Ina hadithi?" akauliza.

"Tele," nikajibu, na hadithi yenyewe nikaitunga njiani nikirudi nyumbani.

Nilisema hivi. Hapo zamani bibi harusi aliletwa katika nyumba hii. Wiki ya pili tu baada ya harusi, mumewe akapanda meli kwenda kutafuta maisha, akamwambia, "Kaa dirishani, nikirudi nikukute hapo hapo." Meli zikaja, meli zikaenda, yeye hakurudi. Mke bado anangoja. Mwanzoni niliwaweka watoto wawili ndani ya hadithi, ili nisiwe mwongo kupita kiasi. Lakini wageni wakawa wanauliza walisomaje, nani aliwalea, wanafanya kazi gani sasa. Nikawatoa watoto. Siku hiyo hiyo mama mmoja kutoka bara alilia mpaka tukamtafutia pa kukaa, nikajua hadithi imekaa sawa.

Wageni wangu wengi ni watu wa lugha yetu hii hii: vikundi vya maofisi, walimu, maharusi wapya. Wa lugha nyingine wana watembezaji wao. Kwa hiyo mama alikuwa akisikia kila neno. Mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako apande meli! Yule aliyekuwa akiona kizunguzungu kwenye beseni la kufulia!" Lakini alikubali kukaa kwenye kiti dirishani, na akatokea kuwa mwigizaji hodari kuliko mimi. Wageni wakishashuka ananiuliza, "Leo nimeliza wangapi?" Tunacheka wawili, kisha ananituma mkaa.

Ukweli wa baba ulikuwa mfupi na haukuwa na dirisha. Alikuwa mpima mizigo pale bandarini. Alikuwa akilitazama gunia kwa mbali anakutajia kilo zake, na mizani ikija inamwunga mkono. Figo zikamwangusha. Alilala chumba cha chini miezi minane, na mama alikuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitanda. Kaka yangu, wakati huo ana miaka kumi na minne, aliacha shule mwaka mzima ili amsaidie kumnyanyua. Baba alikufa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mama amekwenda kuchukua shuka safi.

Mimi nilikuwa na miaka mitano. Hayo yote sikuyaona, au niliyaona yakanitoka. Yaliingia kichwani mwangu kupitia mdomo wa mama: jinsi baba alivyonipandisha kwenye mizani ya bandari, jinsi alivyomtania mama kuwa uzito wake ni siri ya serikali. Baba yangu mimi alikuwa ndani ya kichwa cha mama, na nikimtaka nilienda kumwomba huko.

Usahaulifu ulimwingia mama taratibu. Kwanza funguo, kisha njia ya sokoni, kisha siku. Daktari akasema ni uzee, akaandika vidonge. Mimi nikaendelea na kazi. Tena nakiri jambo la aibu: miezi ile ndiyo niliyosifiwa kuliko yote, kwa sababu mama hakuwa akiigiza tena. Mgeni akimuuliza, "Unamngoja bado?" anageuka polepole na kujibu, "Nimngoje nani mwingine?" Nami nilisimama pembeni nikijipongeza, sijui ninachokitazama.

Siku moja wageni wameondoka, nikamwambia, kama nilivyozoea, "Mama, nisimulie habari za baba na mizani."

Akatazama nje, akavuta pumzi pale pale ninapoivuta mimi, akasema, "Wiki ya pili tu baada ya harusi, alipanda meli kwenda kutafuta maisha." Aliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, neno kwa neno. Alipofika mahali ambapo huwa nanyamaza ili watu wapige picha, na yeye akanyamaza. Nikamuuliza tena kuhusu mizani, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya jirani.

Kaka yangu ni fundi majokofu, anaishi bara na familia yake. Nilimpigia simu akaja kwa kivuko cha Ijumaa, na begi lake la kazini begani. Mama alimpokea kwa tabasamu. "Karibu, baba. Mbona leo umekuja peke yako? Kundi lako liko wapi?"

Kaka alicheka, akidhani ni utani wao wa zamani. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, ni mimi. Mwanao."

"Mimi sikujaliwa mtoto," mama akasema kwa upole. "Mume wangu aliondoka mapema mno."

Kaka alibaki amechuchumaa pale, na mama akamsimulia bibi harusi na meli yake mpaka mwisho. Aliponigeukia, sikuweza kumtazama usoni. Ndipo nilipoelewa kwa nini tangu mwezi uliopita mama alikuwa akinishukuru kila nikimletea chakula, na kuniuliza kama nina safari ndefu kurudi kwetu.

Tulishuka jikoni. Kaka hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mwaka mzima wa shule niliupoteza nikimbeba mzee mgongoni," alisema. "Mwaka mzima. Hakuna aliyeuona ila mama. Sasa hata yeye hakuuona."

"Kaka, ni ugonjwa."

"Ugonjwa unasahaulisha. Hautungi hadithi ya bibi harusi. Yale maneno ni yako, nimeyasikia ukiwasimulia wageni, ni ya kwako kabisa, hata ile 'hapo hapo' yako." Alijipangusa uso kwa mkono. "Mwambie ukweli. Mimi hanijui. Lakini sauti yako anaiamini. Umemwambia uongo mara ngapi? Basi ukweli mwambie mara moja tu."

Alikuwa na haki yake, nami nilikuwa na njaa yangu. Nilimtaka baba arudi kichwani mwa mama, na mimi nirudi naye, hata kama ni kwa nusu saa.

Nilijua mama hamsikilizi mtu anayeketi karibu naye na kumwita mama. Anamsikiliza mtembezaji. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilivaa kofia ya kazi, nikaning'iniza kitambulisho shingoni, nikatoka nje na kaka, nikabisha hodi kwenye mlango wetu wenyewe. Tulipanda ngazi. Nikamwambia kaka ainamishe kichwa. Mama alisikia hatua zetu, akajiweka sawa kitini na kunyoosha mtandio wake.

"Karibuni," akasema.

Nilikuwa nimepanga kuanza kwa kusema hakukuwa na meli. Lakini alikaa ametulia, mikono mapajani, na moyo ukanisinyaa. Sisi watembezaji tunafundishana tusimvunje mgeni moyo tangu mlangoni, tuanze na tamu kwanza. Nikasema moyoni nitaanza na kazi ya baba, habari ya meli nitaigusa baadaye. Kasuku mzima, nikaogopa sentensi moja.

"Mwenye nyumba hii," nikaanza, "alikuwa mpima mizigo. Alikuwa akiona gunia, anakwambia kilo zake kabla ya mizani."

Macho ya mama yakachangamka. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Alikuwa na majivuno!"

Kaka alinikamata mkono. Nami nikapata nguvu, nikasimulia kama sijawahi kusimulia. Nikasimulia mwana wa kiume aliyefundishwa kuhesabu kwa magunia. Nikasimulia binti aliyepandishwa kwenye mizani. Nikasimulia figo, na ile miezi minane chumba cha chini.

"Chini ni stoo," mama akanisahihisha.

Kweli sasa ni stoo. Mwenye nyumba akikusahihisha mbele ya wageni hubishani naye, unasonga mbele. Nikasonga mbele. Nikasema mkewe alikuwa akimgeuza kila saa mbili, mchana na usiku. Nikasema siku ya mwisho aliomba mlango ufungwe, mwanga unamuumiza, na mkewe aliporudi na shuka safi akamkuta ameshakwenda.

Nilinyamaza. Safari hii hapakuwa na picha za kupigwa.

"Kwa hiyo amekufa," mama akasema.

"Amekufa, mama. Miaka ishirini na tisa sasa."

Alilia. Nimewaliza watu wengi kwenye chumba kile, lakini kilio kile sikukijua. Kilikuwa kidogo, hakina haraka, na mabega hayakutikisika. Nilipiga magoti mbele yake, na kaka akapiga magoti upande wa pili. Nilimwonea huruma mama, na nikamwona kaka ana matumaini, na mimi pia nilikuwa nayo, Mungu anisamehe. Mtu hawezi kumlilia hivyo mume wa hadithi.

"Aliacha watoto?" akauliza alipotulia.

"Wawili. Wa kwanza ndiye huyu aliyekuwa akimbeba. Wa pili ni mimi."

Alinivua kofia. Akanishika kidevu, akanielekeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamtazama kaka, kisha mimi tena.

"Kweli kabisa," alisema. "Kidevu ni chake. Na huyu paji la uso ni lake. Nilikuwa nashangaa siku zote, huyu msichana wa ziara nimemwona wapi!"

Kaka alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilijilaza kwenye mapaja ya mama, naye akaanza kunipapasa nywele, polepole.

"Kwa hiyo alioa huko alikokwenda," akasema.

Kicheko cha kaka kilikatika. Nilinyanyua kichwa. Meli niliyoiacha kwa baadaye ilikuwa imeshang'oa nanga tena, na safari hii ilikuwa imembeba baba hadi kwa mwanamke mwingine, ikatuzaa sisi huko.

"Msiogope, siwalaumu nyinyi," mama alisema. Mkono wake ulikuwa bado kichwani mwangu. "Mmefanya uungwana kuja kunipa taarifa. Wengine wasingekuja." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mama yenu. Hiyo miezi minane yote. Alimtunza vizuri?"

Kaka alisimama akaenda kuegemea ukuta, ametugeuzia mgongo.

"Vizuri sana," nilisema. "Hakupata hata kidonda kimoja."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alitazama maji, kisha akakigeuza kiti, kwa shida, mpaka kikatazamana na ukuta.

"Mpeni mama yenu mkono wa pole kwa niaba yangu," akasema. "Mwambieni namwonea wivu. Laiti mume wangu angeugulia humu ndani, ningemtunza mimi."