Mulukhia ya Mama Adila

Kwenye nyambizi yetu habari mbaya haiteremki chini ya maji. Salamu za nyumbani hutufikia kwa redio, mistari miwili ya furaha basi. Ya msiba anabaki nayo kamanda mpaka tuibuke. Msiba utaufanya nini huko chini? Hata pa kujificha ukalia hapana, kitanda chenyewe tunapokezana.

Nilipoondoka Iskandaria nilimwacha mama yangu, Adila, hospitalini. Kazi yangu ni kusikiliza bahari: vyombo masikioni, nasikia pangaboi za meli za mbali. Sauti niliyoitamani ilikuwa moja tu, ya mama akiniita mezani.

Mpishi wetu, Ami Shenuda, alinipoza kwa utani.

"Wagihi, njoo ule mulukhia ya maana. Ule mchuzi wa majani wa mamako si wa kupaka ukuta?"

"Wako hata ukuta utaukataa, Ami."

Kila siku hivyo. Kisha mchana mmoja akanipa sahani iliyofurika, na mapande mawili ya nyama. Huyo huyo Ami Shenuda, mkono wa birika! Nikamchokoza: "Leo umetia nini, Ami? Chokaa?"

Hakucheka. "Kula, mwanangu. Mimi siwezi kuufikia wa mama yako."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikamtazama Hamdi wa redio, domokaya asiyenyamaza hata usingizini. Alikuwa amekikodolea macho kidau cha chumvi.

"Nitanie, Ami," nikasema. "Nakuomba. Useme vibaya mchuzi wake."

"Kula, baba. Kula."

Sikwenda kwa kamanda. Nilirudi kwenye vyombo vyangu, na kila zamu nikamwona mama jikoni: anakatakata majani, anakaanga kitunguu saumu, anageuka kuniita.

Ndipo ikaja amri ya kuibuka. Watu wakashangilia, Hamdi akajimwagia manukato kwa ajili ya mkewe. Safari zilizopita mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza ngazini, nawania hewa; safari hii sikuinuka kitini. Mlango wa juu ukafunguliwa, upepo wa nyumbani ukashuka. Kamanda akaja, amevua kofia.

"Wagihi, mwanangu."

Nikajifanya sisikii. Nilikaza vyombo masikioni, nikimwomba Mungu turudi chini, kule ambako mama alikuwa bado hai.